Kuni za Kupeleka Dallas

Hapa Muthara, kwetu Meru, wanasema Gatwiri fundi ana mdomo. Ni kweli, ninao, na umenisaidia. Ukiniletea kitambaa kifupi ukitaka rinda refu nitakuambia hapo hapo, na ukirudi kulalamika nitakuambia tena. Kwa hivyo mkinisikia nikifoka katika habari hii msishangae. Wa kwanza kufokewa ni mimi mwenyewe.

Mama yangu aliitwa Gatakaa. Mwaka wa habari hii alikuwa ametimiza miaka sabini na tisa, na tulikuwa tukikaa wawili, yeye mjane na mimi niliyeolewa nikarudi. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ameanza kuangusha vikombe. Cha kwanza nikanyamaza. Cha tatu nikamwambia, "Mama, kwani una haraka ya kwenda wapi?" Mungu anisamehe. Kisha vifungo vya sweta vikamshinda, akawa ananiita nimfunge kama mtoto wa nasari. Mimi nikang'oa vifungo vyote kwenye nguo zake nikaweka lastiki, nikajiona mjanja sana. Sikujiuliza kwa nini mwanamke aliyesuka viondo maisha yake yote, huku akiongea na kuangalia kwingine, leo hawezi kushika kifungo.

Kila kliniki tuliyoingia jibu lilikuwa moja: ni uzee, mama, mpe dawa hizi za maumivu na umchue na mafuta haya. Miaka mitatu ya kuchua! Nyumba nzima ikanuka mafuta ya kuchua hadi wateja wangu wakawa wanauliza. Kama uzee ndio ulikuwa unamwangushia vikombe, mbona mjomba Mutuma, mkubwa wake kwa miaka minne, bado alikuwa anapalilia viazi na kunitukana vizuri tu? Hatimaye miguu ya Mama nayo ikaanza kumwendea upande kama ya mlevi, na huyo ni Mmethodisti ambaye hata pombe ya kienyeji hajawahi kuionja.

Aliyeshtuka ni ndugu yangu Kiambi. Yeye ni karani wa ofisi huko Embu, anaishi na mkewe Ann mtaa wa Dallas. Alikuja Krismasi, akamwona Mama akikishika kijiko kwa ngumi, chakula kikimwagika kifuani, na Mama akijifanya hakuna kitu. Kiambi hakula tena. Akatoka nje, akakaa nyuma ya nyumba peke yake, na aliporudi alisema, "Huyu Mama naondoka naye." Wiki hiyo hiyo Mama alipigwa picha ya shingo ndani ya ile mashine kubwa inayogonga kama karakana, nasi tukaenda kumwona daktari wa upasuaji, Daktari Nyamu.

Muuguzi wa hapo, msichana mdogo wa mjini, aliuona mfereji ulio kwenye paji la uso la Mama, akamuuliza kwa huruma, "Cucu, hapa uligongwa na nini?"

Mama akacheka. "Nimegongwa na kuni, mjukuu wangu."

Daktari hakuhitaji kuelezwa. Alipitisha kidole chake pale polepole, na nikajua huyu naye mamake anao mfereji kama huo. Wanawake wetu wa rika lile wote wanao. Ni alama ya mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita juu ya paji la uso na kushika mzigo mgongoni, na Mama aliuvaa tangu akiwa na miaka saba.

Kisha akatuonyesha picha. Alisema mifupa ya shingo imechakaa na kuota, imebana uti ulio ndani yake, na kila kitu mikono na miguu inachoambiwa na kichwa lazima kipite hapo. "Ni kama mpira wa maji uliokanyagwa," alisema. "Maji yapo, lakini kule mwisho yanatoka tone tone." Uzee umechangia na ile kamba ya kuni pengine imechangia, hakuweza kutupimia ni kipi zaidi. Asipopasuliwa, katika mwaka mmoja au miwili atakuwa wa kitandani. Akipasuliwa, anaweza kupata nafuu, anaweza kubaki hivyo hivyo, na kwa umri wake na presha yake anaweza asiamke. Alilisema hilo akimtazama Mama machoni, siyo mimi wala Kiambi, na kwa hilo nilimheshimu.

Mjomba Mutuma alipopata habari alifoka kwenye simu hadi nikaiweka mbali na sikio. Mzee wa miaka themanini kupasuliwa shingo, mmeona wapi? Mwacheni dada yangu amalize siku zake na shingo yake! Mama akaomba simu. Nikamshikia, maana yeye hakuweza.

"Mutuma," alisema, "Ann ana mimba ya miezi minne. Ni msichana. Unajua ataitwa nani?"

Mjomba alijua. Kwetu msichana wa kwanza wa mwanao hubeba jina lako. Kiambi na Ann walikuwa wamekaa miaka saba bila mtoto, na Mama alikuwa amemwombea mtoto huyo kila Jumapili hadi mchungaji akachoka kusikia.

"Sitaki kuwekewa mapajani kama furushi, watu wamesimama wakiogopa nitamwangusha," Mama akasema. "Nataka kumshika. Kwa mikono yangu. Wakishindwa na miguu waniachie hii hii, lakini mikono nataka."

Basi. Nani tena wa kubishana naye?

Upasuaji ulichukua saa nne na nusu. Tulikaa kwenye benchi, mimi na Kiambi. Daktari alipotoka alikuwa bado na alama ya barakoa usoni. Alisema wameipanua njia ya uti kutoka nyuma ya shingo na wameishikanisha mifupa kwa skrubu. Tusubiri. Siku ya tatu Mama aliniita nisogee, akanifinya mkono. Alinifinya kwa kidole gumba na cha pili, ule mfinyo wa zamani aliokuwa akinifinya kanisani nikiongea wakati wa mahubiri, na uliuma. Nililia pale wodini kama mwendawazimu. Mama akasema, "Nyamaza, unaniaibisha."

Siku ya kuruhusiwa Daktari Nyamu alituketisha. "Nani anakaa naye?"

"Mimi," nikasema.

"Basi nisikilize wewe. Asibebe kitu kichwani. Asivae ile kamba tena, hata kama ni ya kuni tatu. Na asianguke. Shingo hii tumeitengeneza, lakini ni shingo ya bibi wa miaka sabini na tisa, mifupa yake ni laini. Ikivutwa nyuma kwa nguvu, sina cha kuwafanyia tena."

"Daktari, hiyo kamba naenda kuichoma," nikamwambia. Na tulipofika nyumbani niliichoma kweli. Ilinuka ngozi siku nzima. Mama alikaa kwenye kiti akiwa na kola ya hospitali shingoni, akitazama.

Miezi minne iliyofuata ilikuwa mizuri, nisidanganye. Alianza na kuchagua mchele. Akaja kwenye kumenya ndizi, akaja kwenye kikombe cha chai kilichojaa, akikishika kwa mikono miwili na kukitua mezani na kunitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Kola ikatoka. Siku moja alisema, "Nirudishie vifungo vyangu," nami nikavishona vyote upya, sweta tano. Asubuhi ilimchukua muda mrefu kuvifunga lakini alivifunga mwenyewe, na ole wako umguse.

Mtoto alizaliwa mwishoni mwa Mei. Gatakaa, kilo tatu na kidogo. Mama alipiga vigelegele ndani ya nyumba hadi jirani Gitobu akaja akidhani kuna nyoka.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika, na si ugonjwa ulioyaharibu, ni sisi.

Kwetu mwanamke akijifungua, wanawake humpelekea kuni na uji. Huendi mikono mitupu. Na nyanya aliyepewa jina, huyo ndiye hasa, anafika na mzigo wake mgongoni, wanampokea langoni kwa vigelegele. Mtaniambia Dallas hakuna moto wa kuni, watu wanapikia gesi. Najua! Nilimwambia! Lakini Peninah, mamake Ann, alikuwa ameshafika kutoka Kiambere na wanawake wenzake watano, kila mmoja na mzigo wake, na mtu akawapiga video na kututumia. Mama aliitazama ile video kwenye simu yangu mara nne. Mwishoni kabisa Peninah alikuwa anasema mbele ya kamera, akicheka, "Sisi upande wetu tumefika. Tunangojea wa Meru!"

Ulikuwa utani wa wakwe, hakuna ubaya. Ila Mama alirudisha simu na kusema, "Nitafutie kuni."

"Kuni nitabeba mimi," nikasema.

"Wewe ndiye umepewa jina?"

Tuligombana siku tatu. Nilimwambia daktari alisema nini, akasema daktari ni mwanamume, hajui mtu anaingiaje kwa mkaza mwana. Nilimwambia tutapakia kuni kwenye gari na kuzishusha mlangoni, akaniuliza kama anaenda kumwona mjukuu au anaenda kuuza makaa. Siku ya tatu akaacha kubishana. Aliketi pale mlangoni, mikono mapajani, akaniambia bila kunitazama, "Nilikubali kukatwa shingo ili nimshike huyo mtoto. Unataka niingie kama mgonjwa?"

Hapo nikalegea. Mimi, Gatwiri mwenye mdomo, nikalegea. Nikaenda kwenye cherehani yangu nikashona mukwa mpya kwa turubai, na ndani ya ile sehemu ya paji la uso nikaweka sponji laini, mikunjo miwili, ili usimuumize. Mnaona? Nilifikiria sana. Nikachagua vijiti saba vilivyokauka, vyepesi hata mtoto angebeba, nikajiambia daktari aliogopa uzito, na huu si uzito. Alikuwa ameniambia hata kuni tatu. Niliyasikia maneno yake kichwani wakati nashona, neno kwa neno, na nikaendelea kushona.

Tulikodi gari hadi Embu. Kiambi alikuwa kazini. Hayo ni mambo ya wanawake, na kwa kweli nilifurahi hayupo, maana angetupa kuni zile kwenye mtaro. Nilimwambia dereva atushushe kwenye kona, kabla ya lango la kina Kiambi. Pale nikamvika Mama mzigo. Nilimfunga mimi, kwa mikono yangu hii, nikakaza, nikaurekebisha ukanda kwenye paji la uso ukakaa sawasawa. "Unavuta?" nikamuuliza. "Hauvuti," akasema. Nilibeba wangu nikawa nyuma yake.

Ilikuwa yapata mita thelathini. Alitembea vizuri jamani, wima kuliko nilivyomwona kwa miaka. Peninah na wenzake walikuwa langoni, wakamwona, wakalipuka kwa vigelegele. Mama akajibu. Na katika kujibu aliinua mikono yote miwili juu, ili waione. Ilikuwa imenyesha asubuhi, na ule mteremko mdogo wa langoni ulikuwa na ukungu wa kijani. Mguu ukateleza. Akaanguka chali. Kuni zilitangulia kugusa chini, na ukanda ukakivuta kichwa nyuma.

Hakulia. Peninah alikuwa wa kwanza kumfikia, akawa anasema pole mama Kiambi, pole, inuka. Mama alikuwa na macho wazi. Akasema kwa Kimeru, taratibu, kama anayeniuliza chumvi iko wapi, "Gatwiri, mikono yangu iko wapi?"

Daktari Nyamu alikuja wodini jioni hiyo. Alisoma picha mpya, akamgusa Mama kwa ncha ya sindano kuanzia miguuni, tumboni, mikononi, kila mara akiuliza kama anasikia. Mama hakusikia hadi alipofika juu ya mabega. Nilingoja daktari anigeukie anifokee. Ningeshukuru. Aliniwekea mkono begani tu na kwenda kuongea na Kiambi kwenye korido.

Kiambi aliingia na ule mukwa mkononi, ameukunja. Uso wake ulikuwa umeiva. "Hii ni kazi ya cherehani," alisema. "Gatwiri, hii umeshona wewe?"

Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Nilimdanganya dada yako," alisema pale alipolala, akitazama dari. "Nilimwambia ni ya kubebea kiondo begani. Alikuwa ameingia dukani kununua maji, nikajifunga mwenyewe. Mikono si ilikuwa imepona?"

Kiambi akaniangalia. Mimi nikaangalia chini. Alidhani nalia kwa uchungu, akaja akanikumbatia, akaniambia nisijilaumu, Mama ni mkaidi sote tunajua. Nilikumbatiwa. Sikusema. Mpaka leo ndugu yangu anaamini hivyo, na huwaambia watu kwamba nilifanya yote yaliyowezekana.

Mama aliishi wiki tano. Kifua kiliingia maji, kama daktari alivyosema kingeingia, na Jumanne moja asubuhi akaenda. Mazishi sitayasimulia. Watu walikula, mchungaji akasema, mjomba Mutuma alikaa mbali na kukataa kunisalimia, naye peke yake alikuwa na haki. Ninachotaka kusema ni cha Jumamosi ile kabla ya hiyo Jumanne.

Watoto wachanga hawaruhusiwi wodini, lakini msimamizi wa zamu, mama mmoja wa makamo, alisema leteni, haraka. Ann akamleta Gatakaa amefungwa shali ya manjano. Mama alikuwa amelazwa chali, ile kola ngumu imemshika kuanzia kidevuni hadi kifuani, hakuweza kutazama pembeni wala chini. Siku zote tano za wiki hiyo alikuwa akiuliza ni lini.

Niliikunja mikono yake mwenyewe, mmoja chini mmoja juu, kama anavyoshika mtu. Ilikuwa mizito na yenye joto. Ann akamweka mtoto pale katikati polepole, kichwa kwenye kiwiko cha kushoto, na mimi nikaweka mkono wangu chini kushikilia. Mtoto alikaa vizuri. Alipiga miayo. Kiambi alikuwa amesimama upande wa miguu, anapumua kwa mdomo. Wote tulikuwa tunamngoja Mama.

Mama alikuwa anatazama dari, anatabasamu kidogo kama mtu aliyejiandaa.

"Mbona mnachelewa?" akasema. "Mleteni basi."

Ann akajiziba mdomo kwa kanga, akatoka mbio. Kiambi akageukia dirisha. Mtoto alikuwa tayari mikononi mwa Mama.

"Bado, Mama," nikasema. "Anabadilishwa nepi. Ndiyo huyo anakuja."

Nikamtoa mtoto pale mikononi. Nikasimama naye kidogo, nikahesabu moyoni hadi kumi, kisha nikainama nikamweka shavu lake juu ya shavu la Mama, mahali ambapo bado palikuwa hai. Gatakaa akageuza kichwa na kuanza kumnyonya kidevu, kwa njaa. Mama akafumba macho. Machozi yalimtiririka kwenda masikioni, na hakuna mkono wa kuyafuta, nikayafuta mimi.

"Ana njaa huyu," akasema.

"Ana njaa kabisa."

Alimwacha amnyonye kwa muda. Kisha akasema, "Haya. Sasa niwekeeni mikononi."

Nikamrudisha pale pale alipokuwa kwanza, kichwa kwenye kiwiko cha kushoto, nikaikunja ile mikono upya juu ya shali. Nikamwinamia sikioni. "Haya Mama. Umemshika."

Nilimwona akitafuta, jinsi mtu anavyopapasa ukutani akitafuta swichi ya taa. Alitafuta muda mrefu. Halafu macho yake yakanijia, mimi niliyemfunga ule mzigo, akanitazama tuli.

"Eeh," akasema. "Nimemshika. Ni mzito."